Kura Ishirini na Nne na Mbuzi Mmoja

Jumanne, 9 Desemba

Mzee Ooko anaacha kiti! Ametangaza leo kwenye mkutano wa korti. Kwa miaka tisa amekuwa mwenyekiti wa korti hii yetu ya Buruburu, Nairobi, yaani nyumba ishirini na mbili zinazotazamana, lango moja, askari mmoja. Sasa anarudi kwao Siaya kufuga kuku. Nilipiga makofi kuliko wote. Mke wangu Waithera akanikanyaga mguu. Kumbe watu walikuwa wanahuzunika.

Uchaguzi ni Jumapili, hukohuko safarini. Kila Desemba korti yetu husafiri pamoja, na mwaka huu ni zamu ya Chembeni, mji mdogo wa likizo pwani, bahari mbele, mbuga ya wanyama nyuma. Watapiga kura watu wazima watakaosafiri tu. Ishirini na wanne. Nimewahesabu mara tatu. Mmoja ni mimi, kwa hiyo tayari ninaongoza.

Wagombea ni wawili. Mimi, Bedan Gitonga, fundi wa friji. Na Andati wa nyumba namba tisa, mwalimu wa kwaya, anayefanya kazi kiwanda cha mabati. Andati hakujipendekeza. Akina mama ndio waliomtaja, naye akainamisha kichwa, akanyamaza. Huo unyamavu wake siuamini. Mtu asiye na mpango hawezi kunyamaza hivyo.

Acha niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nimeishi korti hii miaka kumi na tisa. Friji ikiharibika, wote wananijua. Lakini hakuna siku hata moja mtu amebisha mlango wangu akauliza, Baba Kim, wewe unaonaje? Wakitaka shauri wanapita mlangoni pangu, wanakwenda kwa Andati. Wanapita nikiwaona, dirishani. Inaniuma. Haya, nimeshaandika. Sasa kazi.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepata mpango. Ni mbuzi.

Mkono mtupu haulambwi. Mtu akila nyama yako saa saba, hawezi kukunyima kura saa nane. Asubuhi nimekwenda Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, nimechagua beberu mweupe mwenye ndevu na macho ya dharau. Waithera ameuliza kwani pwani hakuna mbuzi. Nimemweleza kwamba mbuzi wa pwani ni wembamba na hawana msimamo. Nayajua ya pwani. Mwaka 1998 niliishi Mombasa miezi mitatu mizima, nikitengeneza friji za hoteli. Katika korti yetu mimi ndiye Mswahili wa karibu zaidi.

Mchana nimechora ramani ya mbuzi. Kazi nzuri sana, nimetumia rula. Kwetu mbuzi hagawiwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe, nami kila kiungo nimekiandikia kura zake. Mguu wa nyuma wa kulia: Mzee Ooko, ili aniunge mkono hadharani. Mbavu: akina mama wa kwaya, kura sita. Ini: wazee wenye meno mabovu, kura tatu. Figo zote mbili: Mbeti, mweka hazina, kwa sababu Mbeti ana ulimi wa kunyoa, na ni heri uwe unatafuna. Kichwa na supu: vijana. Mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu, nitaujaza mwenyewe, kwa mikono yangu, niugawe dakika kumi kabla ya kura, vipande vidogovidogo, watamani zaidi. Andati nimempa shingo. Shingo ina mifupa mingi na hachelewi kukwamwa.

Mwanangu Kim ameandika kutoka chuoni: "Buda, wacha hiyo form ya mbuzi. Utatuchomea." Yaani niache mpango wa mbuzi, nitawaaibisha. Nimemjibu kwamba mwenyekiti mtarajiwa haandikiwi hivyo. Ametuma kichwa kinachocheka.

Kuna tatizo dogo. Dereva wa basi la kukodi amesema habebi mifugo. Nimefikiri dakika mbili tu. Mimi ni nani? Fundi wa friji. Nina maboksi ya friji!

Alhamisi, 11 Desemba

Tumefika. Naandika nikiwa nimekaa kwa upande mmoja, nitaeleza.

Boksi lilipita vizuri. Nililitoboa matundu, nikaandika ubavuni USIPINDUE. Nikamwambia dereva kwamba ni friji ndogo ya kuhifadhia dawa ya Mzee Ooko. Mzee Ooko akashangaa kusikia kwamba anaumwa. Boksi likawekwa nyuma kabisa, kiti cha mwisho, nami nikaketi mbele yake kama mlinzi.

Mtito Andei friji ililia.

Nikasema ni kompresa. Dereva akakubali. Kabla ya Voi friji ikalia tena, mara hii kwa hasira, halafu pembe ikatoka kwenye kadibodi na kupita nafasi iliyo chini ya egemeo la kiti changu. Ndiyo maana nimekaa upande mmoja. Nilipiga kelele ambayo haikuwa ya kompresa.

Basi zima lilicheka mpaka Maungu. Dereva alitaka kumshusha mbuzi barabarani, Andati akamsihi kwa upole. Kisha, tazama ujanja wa mtu huyu, akamtoa mbuzi kwenye boksi, akamlaza miguuni pake, akamnywesha maji kwa kofia yake mwenyewe. Akina mama wakasema Andati ana roho nzuri. Kwa maji ya kofia! Mbuzi ni wangu, sifa ni zake. Kufikia Mariakani walikuwa wamempa mbuzi jina. Mheshimiwa. Nikawaomba wasimpe jina mtu atakayeliwa. Hawakunisikiliza.

Chembeni ni mji wa barabara moja. Maduka ya vikoi, kibanda cha madafu, nyumba za wageni zilizoezekwa kwa makuti, mwisho bahari. Nyuma ya nyumba zetu kuna ua wa waya, na nyuma ya waya ndiyo mbuga yenyewe: vichaka vya miba hadi upeo wa macho, udongo mwekundu, na kinyesi cha tembo kama vigoda. Msimamizi wa nyumba ni Mzee Mumin, mtu mpole wa kikoi na kofia. Nikamsalimia kwa Kiswahili changu cha Mombasa, mfululizo, kama dakika nne, ili korti isikie. Alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza kwa adabu kubwa kama nimetokea Kongo.

Akanishauri mbuzi afungwe uani, karibu na jiko, kwa kuwa ngiri wanachimba chini ya ule waya, umejaa mashimo. Nikamwambia mbuzi nawajua. Nimemfunga kwenye nguzo ya ua wa mbuga, mahali ambapo kila mpiga kura atamwona akienda chooni.

Mzee Mumin alitaka kutupikia samaki. Nimekataa kwa niaba ya korti. Samaki si chakula cha kuchagulia kiongozi.

Ijumaa, 12 Desemba. Siku ya Jamhuri.

Siku mbaya. Nitaanza na ubaya mdogo.

Asubuhi wote walikuwa ufuoni. Nilishuka na suti ya kijivu na viatu vyeusi, kwa sababu kiongozi haonekani na kaptula. Nikasimama kwenye mwamba kutoa salamu za Jamhuri. Nilikuwa nimefika kwenye neno "uwajibikaji" wimbi lilipokuja kwa nyuma. Kiatu kimoja kikaenda zake. Andati, aliyekuwa majini na kaptula, alikifuata kwa kuogelea, akanirudishia na kunipongeza kwa hotuba. Watu wakampigia makofi. Makofi yalikuwa ya hotuba, nina hakika, ila walikuwa wanamtazama yeye.

Nikarudi chumbani kubadilisha nguo na kupitia ramani ya mbuzi. Haikuwepo mezani. Dirisha lilikuwa wazi. Nje ya dirisha alisimama Mheshimiwa, kamba yake imevutwa hadi mwisho, na mdomoni mwake kilikuwa kipande cha karatasi chenye neno MBAVU.

Mbuzi amekula ramani yake mwenyewe. Ameanza na mguu wa Mzee Ooko, akamaliza kura za kwaya. Nilimpokonya shingo tu. Shingo ya Andati ndiyo iliyobaki.

Sikukata tamaa. Nikamsogeza mbali na dirisha, nikamfunga upya, fundo la kitaalamu ambalo mimi hufungia friji kwenye mkokoteni. Saa kumi nilikwenda kumwonyesha Mbeti figo zake, namaanisha mahali figo zake zilipo. Tukakuta nguzo. Kamba ilikuwa imetafunwa nusu, nusu nyingine imeondoka na mwenyewe. Chini ya waya kulikuwa na shimo la ngiri, na kwenye shimo nyayo, zikielekea mbugani. Kwa utulivu kabisa. Hata hakukimbia.

Mbeti akanitazama, akasema Mheshimiwa amehama chama.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika haraka kabla sijasahau hoja zangu.

Asubuhi, tukiwa kwenye mahamri na mbaazi, alikuja askari wa mbuga, Abdinoor, mrefu, sare imepigwa pasi, sauti ya chini. Alieleza kwamba wameona nyayo za mbuzi zikiingia mbugani. Mfugo hauruhusiwi mle hata kidogo. Una magonjwa, unavuruga wanyama, na mwenyewe anapaswa kufika ofisini kuandikisha maelezo. Akauliza kama kuna anayejua lolote. Korti nzima ikatazama mahamri.

Nikasema sisi ni watu wa Nairobi, mbuzi tunawajua wakiwa wamechomwa.

Kisha nikapanga. Je, mtu akitaka kuingia mbugani anaingiaje? Kama mtalii! Mbuga ina gari la wazi la kutembeza wageni. Nikatuandikisha watu wanne: mimi, Mzee Ooko, Mbeti, na Andati, ambaye nilitaka awe karibu nimwone. Wazo langu lilikuwa rahisi. Nitamwona mbuzi, nitajifanya nimebanwa na haja, nitashuka, nitamvuta hadi kwenye shimo. Mfukoni nilibeba fungu la sukuma wiki. Mzee Ooko alisema kuna kitu kinanuka kama soko. Nikamwambia ni vichaka.

Kumbe dereva wa gari ni Abdinoor mwenyewe. Na kiti cha mbele kilikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Meru na mumewe, wamekuja na darubini na daftari la kuandikia kila mnyama waliyemwona.

Saa nzima hatukuona kitu ila miba. Tukaona tembo mmoja, mwekundu kwa vumbi, anakula kichaka kizima bila haraka. Mzee Ooko akavua kofia. Kwa kweli nami nilimsahau mbuzi kidogo. Halafu tukafika kwenye kidimbwi, na hapo palikuwa na kundi la swala, kama thelathini, wanakunywa maji kwa zamu. Katikati yao, amesimama kwenye kichuguu, ndevu zinapepea, alikuwa Mheshimiwa.

Swala walikuwa wanamtazama. Naapa walikuwa wanamsikiliza.

Yule mwalimu akashika darubini, akauliza yule mweupe ni mnyama gani.  Nikahisi wajibu wa uongozi. Nikamwambia ni swala adimu wa pwani, anayepatikana Chembeni pekee, na kwamba yeye mwalimu ana bahati sana kumwona, kwa sababu huonekana mara moja kwa miaka saba. Akaandika. Mumewe akapiga picha kumi. Nikaongeza kwamba dume huwa na ndevu ili ajulikane kama kiongozi.

Abdinoor alizima gari. Akageuka kunitazama, akasema, "Swala huyu ana kamba shingoni."

Nikasema wengine huzaliwa nayo.

Akauliza tena, sasa si kwa sauti ya kuongoza wageni. Mwenye mbuzi huyu ni nani? Mbeti akanitazama. Mzee Ooko akanitazama. Mbuzi naye, kule kichuguuni, akanitazama. Nikafikiria ofisi, maelezo, jina langu kwenye kitabu cha serikali siku moja kabla ya uchaguzi. Nikauona mkono wangu ukiinuka na kidole kikinyooka, nikasikia mdomo wangu ukisema ni wa huyu hapa, Andati, hata maji alimnywesha yeye kwa kofia yake.

 Hata swala waliacha kunywa.

Andati alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo baya, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kisha akamwambia Abdinoor, "Ni mbuzi wa korti yetu. Andika jina langu."

Akashuka na Abdinoor, wakatembea polepole hadi kidimbwini. Mimi nilitikisa sukuma wiki kutoka garini. Mheshimiwa hakunipa hata sikio. Alimwona Andati, akashuka kichuguuni mwenyewe, akamfuata nyuma kama muumini. Sasa, mtu asiye na upendeleo aniambie: mbuzi akimfuata mtu hivyo, mwenye mbuzi ni nani? Mimi sikudanganya. Nilitangulia ukweli kidogo tu.

Njiani kurudi hakuna aliyezungumza nami. Andati alikaa ofisi ya mbuga hadi alasiri akiandika maelezo. Nilihisi kitu kizito kifuani. Nadhani ni yale mahamri.

Jumapili, 14 Desemba

Siku ya kura.

Mheshimiwa haliki. Daktari wa mifugo wa mbuga amesema mbuzi aliyechangamana na wanyama wa mwitu asichinjwe kwa wiki kadhaa, na asisafirishwe. Atabaki hapa kwa Mzee Mumin, ndani ya ua wa jiko. Akina mama walifurahi. Mmoja alimpigia vigelegele.

Kwa hiyo nilifika kwenye uchaguzi mikono mitupu. Mzee Mumin ndiye aliyewalisha, samaki wa kupaka, nazi nzito, wali wenye harufu ya iliki. Korti ilikula hadi ikanyamaza. Nilionja kipande kimoja, kama mwangalizi. Halafu vingine vinne.

Lakini nilikuwa na mpango wa mwisho. Tulipomaliza ibada, kabla ya kura, niliomba nafasi ya kusema. Sikuzungumza habari zangu. Nilisema kwa masikitiko kwamba sisi ni watu wa sheria, na je, tunaweza kumkabidhi lango letu mtu ambaye jana tu ameandikishwa na serikali kwa kosa la mbuzi? Nikaacha swali hewani. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Waithera alifunika uso kwa leso. Mzee Ooko akakohoa kwa muda mrefu sana. Andati aliangalia bahari.

Wakapiga kura kwa vikaratasi, ndani ya sufuria ya Mzee Mumin. Mbeti akahesabu. Andati ishirini na mbili. Gitonga mbili.

Mbili! Hesabu ni rahisi. Ya kwanza yangu. Ya pili ya mke wangu. Nilimshika Waithera mkono, nikamwambia asante, angalau nyumbani nina chama. Waithera akautoa mkono wake polepole. Akasema yeye amempigia Andati, na angekuwa na kura mbili angempigia zote mbili.

Sasa ya pili ni ya nani? Nimewatazama mmoja mmoja. Hakuna anayenitazama. Nina mfuasi wa siri katika korti! Lazima nimjue.

Jumatatu, 15 Desemba

Tunarudi. Tumesimama Voi kunywa chai, naandika kwenye kona ya hoteli.

Mbeti amekuja na kikombe chake, akaketi bila kuombwa. Amenieleza mambo, na sauti yake haikuwa na wembe, jambo lililonitia hofu. Amesema Andati hajawahi kukitaka kiti. Tangu Jumanne alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wanichague mimi. Aliwaambia Baba Kim amekaa korti hii miaka mingi, ana bidii, ana mawazo, hakuna anayemuuliza, na kiti hiki kitamponya. Mzee Ooko alikubali. Akina mama wa kwaya walikubali, wote sita. Yeye Mbeti mwenyewe alikubali, bila figo. Hadi Jumamosi asubuhi nilikuwa na kura kumi na tisa. Kisha nikanyoosha kidole garini. Hata hivyo kura kama tisa zilikuwa bado zinasitasita, akasema, mpaka niliposimama Jumapili na lile swali langu.

Akaondoka, chai yake hakuimaliza.

Nimekaa na jambo hili kwa dakika kama ishirini. Kumi na tisa. Nimeiandika kwa tarakimu na nimeiandika kwa maneno. Nimetazama dirishani, Andati yuko nje anamsaidia Mzee Ooko kupanda basi, amemshika kiwiko.  Nilitaka kwenda pale. Nilijua hata la kusema, ni neno moja tu, pole.

Halafu nikaelewa. Ile kura ya pili ni ya Andati! Amenipigia kura mpinzani wake! Ni mtu wa aina gani anafanya hivyo? Ni mtu anayetaka nimdai shukrani maisha yote, basi. Yaani ninadaiwa mimi. Vyovyote vile. Nusura ninase. Nimekunywa chai ya Mbeti, sasa napanda basi kwa mlango wa nyuma.

Jumatano, 17 Desemba

Buruburu. Joto, vumbi, maji ya mfereji hayapo.

Leo saa tatu asubuhi mlango ulibishwa. Nilichungulia dirishani. Andati, peke yake, amevaa nguo za kazini, ametoka zamu ya usiku moja kwa moja. Mkononi ameshika funguo za lango, muhuri wa korti, na kile kitabu cheusi cha mikutano. Waithera akamkaribisha, akampa chai, akaketi karibu kabisa, jambo ambalo si kawaida yake.

Hakuzunguka. Ya mbugani hakuyataja hata kwa mbali. Akaweka funguo, muhuri na kitabu mezani, akavisukuma upande wangu.

"Baba Kim," akasema, "mimi kiti hiki sikukiomba na sikiwezi. Nina kwaya, nina zamu za usiku, na mama yangu kule Butere ni mgonjwa. Nimezungumza na Mzee Ooko na Mbeti. Wamekubali. Jumamosi nitawaambia watu ninakuachia. Wewe sema ndiyo tu."

 Waithera aliniangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi yetu. Chini ya meza goti lake likagusa langu.

Nilizitazama zile funguo. Ni tatu, moja ina kutu. Miaka kumi na tisa nimezitamani, sasa ziko kwenye kitambaa changu cha meza, karibu na bakuli la sukari. Nilihitaji kunyoosha mkono tu.

Lakini mimi si mtoto. Nani duniani anaachia kiti alichoshinda kwa kura ishirini na mbili? Hakuna. Kwa hiyo kuna mtego. Labda tangi la maji linapasuka mwezi ujao na mwenyekiti ndiye atakayelaumiwa. Labda askari wa lango anataka kuacha kazi. Labda mama yake hata si mgonjwa. Nilimtazama machoni kutafuta hila, sikuiona hata chembe, na hapo ndipo nilipojua imefichwa na fundi.

Nikavirudisha vyote upande wake, kimoja kimoja. Nikamwambia, kwa heshima kamili, kwamba Bedan Gitonga hapewi uongozi kama nguo za msaada. Akitaka kiti atakichukua mwenyewe, mbele ya watu, kwa mpango.

 Andati akasema sawa, akashukuru kwa chai, akampa Waithera mkono. Akatoka. Nikamwona dirishani akivuka uwanja, funguo zinalia mkononi mwake. Mama mmoja wa kwaya akamsimamisha kumuuliza jambo.

Waithera ameinamisha kichwa mezani, na mabega yanatikisika. Sijui kama analia au anacheka. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimekwisha kuung'amua mchezo wao wote. Uchaguzi ujao ni baada ya miaka mitatu. Nimefungua ukurasa mpya na nimechukua rula.